Nilimpa Guka Vita vya Shosho

Nilimwibia shosho yangu vita. Ndiyo, mmesoma vizuri. Wengine huiba kuku, mimi niliiba vita vizima, tena vya bibi aliyenilea!

Mimi ni msomi, jamani. Nilisoma chuo kikuu huko Juja, kisha nikaamua kuandika kitabu cha maisha yangu, utadhani kuna mtu aliyekuwa ameniuliza. Kitabu kikahitaji shujaa. Nikamwendea shosho kwake Kamenu na simu ya kurekodi.

Akanieleza bila kuficha. Wakati wa Hali ya Hatari, akiwa msichana, aliwapelekea wapiganaji wa msituni githeri ya mahindi na maharagwe ndani ya kikapu cha kiondo, juu yake amepanga mavi ya ng'ombe. Homgadi, wale askari weusi wa mkoloni, wakimsimamisha, wanaziba pua na kumfukuza. Ndugu yake alipouawa huko, yeye na wenzake wawili ndio waliomzika.

"Penye tulimzika nitakuambia. Wacha kwanza nipumzike."

"Ni sawa, shosho. Hii imetosha."

Imetosha! Nikarudi zangu Ruiru kuandika. Sasa shujaa wa mavi ya ng'ombe, nani atamnunua? Kazi yote nikampa guka, babu yangu, nikamwongezea na bunduki. Nilikumbuka kidole chake kilichokatika, nilichopenda kukishika nikiwa mtoto. Nikaandika ni risasi. Marehemu guka miaka hiyo alikuwa mpishi wa mzungu kwenye shamba la kahawa. Kidole kilikatwa na kisu cha nyama!

Siku ya kuzindua kitabu nilimketisha shosho mbele kabisa. Nikasoma, sauti ikitetemeka kwa uchungu wa kuigiza. Watu wakapiga makofi.

"Na mimi nilikuwa wapi?" shosho akauliza.

Woi! Kitabuni nilikuwa nimemwacha nyumbani, akimlilia mume ambaye wakati huo hata hawakuwa wamejuana naye.

Sasa familia inataka kuweka msalaba kwenye kaburi la ndugu yake. Wale wenzake wawili walishakufa. Anayejua mahali ni shosho peke yake. Nilimpigia magoti, nikalia kweli, si kilio cha kitabuni.

"Muulize guka," akasema. "Si ni yeye alikuwa huko?"

Wewe unayemrekodi nyanya yako, andika alivyosema, pamoja na mavi yake. Na akiomba kupumzika, mngoje hapo hapo. Nimejuta, aki! Kila Jumapili nampelekea mkate na sukari. Anapokea, ananishukuru, kisha anauliza kama guka ameshanijibu.