Mpungate wa Kwaresima

Filogonio alipoanguka kutoka juu ya mparachichi na kuvunjika mguu, mama yake, Doña Herculana, hakulia. Alikwenda kanisani moja kwa moja akaweka nadhiri: Kwaresima nzima hatagusa nyama, wala mafuta ya mnyama, wala mchuzi uliopitiwa na kuku hata kwa mbali, na Bwana, kwa upande wake, amrudishie mwanawe mguu. Yalikuwa mapatano ya haki, na Mungu hakupinga.

Mzigo wa mapatano hayo ulimwangukia Castula, mke wa Filogonio, kwa kuwa ndiye aliyekuwa jikoni.

Mwanzoni alipika majani machanga ya mpungate kama inavyopaswa. Aliyanyoa miiba, akayakatakata vipande vyembamba, akayachemsha na kitunguu mpaka ule ute wake, ambao hata bamia haioni ndani, ukakatika. Akakaanga nyanya, kitunguu na pilipili mbichi kwa mafuta ya chupa, akachanganya: kijani, nyeupe na nyekundu, bendera nzima ya taifa ndani ya sufuria. Doña Herculana alionja, akaisukuma sahani.

"Mwanangu, hiki ni chakula au ni adhabu ya pili? Ya kwanza nimeshajipa mwenyewe."

"Ni mpungate, mama."

"Naona ni mpungate. Nauliza ulikukosea nini."

Castula alikuwa akiyasikia hayo tangu aolewe. Maharage yake yalikuwa maji, chapati zake za mahindi ngozi ya punda, na wali wake haukuzungumzwa mbele ya wageni. Karibu na jiko palikaa chungu cha mafuta ya nguruwe, ambayo kila mwanamke wa kijiji chao cha Santa Brígida huyachota bila kuangalia, kama mtu anavyojikuna. Siku moja mkono ukaenda huko wenyewe, kwa mazoea. Hilo hata padri angelisamehe. Alipogundua, sahani ilikuwa tayari mbele ya mkwewe, naye mkwewe alikuwa akiipangusa kwa kipande cha chapati.

"Leo umepika," alisema Doña Herculana.

Basi. Lakini Castula alisimama pale na ufagio mkononi kama mtu aliyevishwa nishani. Kesho yake mkono haukwenda wenyewe tena. Ulitumwa.

Habari zikafika kwenye mashine ya kusaga mahindi. "Mkwe wangu ana mkono," Doña Herculana aliwatangazia wanawake waliopanga foleni. "Nendeni mkajifunze, mnaowalisha waume zenu nyasi." Castula alikuwa nyuma yake na ndoo ya mahindi. Aliinamisha macho, na watu wakasema jinsi alivyo mnyenyekevu.

Kisha mguu ukavimba. Daktari alifungua plasta, akakuta mkwaruzo uliooza, akamuuliza Filogonio alikuwa akijikunia nini humo ndani. Sindano ya kufumia, Filogonio alikiri. Daktari akasafisha, akatoa dawa, akasema uvimbe utanywea. Castula alimwamini daktari tangu asubuhi mpaka saa ya kupika. Akishika kijiko cha kuchotea mafuta, hakumwamini tena. Na bado alichota, kwa maana ladha ikibadilika leo, bibi atauliza kwa nini.

Doña Herculana hakujishughulisha na sindano.

"Nimejipekua kama shuka lenye chawa," alisema. "Sijala kitu. Labda ni ile ndoto niliyoota nakula mbavu. Ijumaa nakwenda kwa magoti, kutoka lango la uwanja wa kanisa mpaka altareni."

"Mama, magoti yako hayawezi hata ngazi ya uani," alisema Castula.

"Mimi nayajua magoti yangu. Bwana ndiye hajayaona."

Ijumaa asubuhi bibi alikaa kitandani akijifunga vitambaa magotini. Fundo likamshinda. Akamwita Castula amfungie. Castula alichuchumaa, akashika kitambaa, akashindwa.

"Mama, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Kwenye mpungate. Natia mafuta ya nguruwe."

"Jana?"

"Jana. Na juzi. Tangu ile siku uliponisifu."

Kutoka chumba cha pili Filogonio akapaza sauti: "Jamani, kahawa yangu iko wapi?"

"Nyamaza, tunashughulikia mguu wako!" wakamjibu wote wawili.

Doña Herculana akavua vitambaa, akamtupia mapajani. "Haya. Magoti ni yako."

Uwanja wa kanisa umetandikwa mawe ya mtoni. Castula alikwenda kwa magoti, na mkwewe, kama ndugu wa mwenye nadhiri wanavyofanya, akawa anamtandikia mtandio mbele, anauokota, anautandika tena. Wanawake waliokuwa wakija ibadani wakauliza kulikoni.

"Alinitilia mafuta ya nguruwe kwa huruma," bibi aliwajibu. "Aliniona nakonda, moyo ukamshinda."

"Masikini! Ana moyo huyu!"

Kila aliyepita aliambiwa hivyo, na kila aliyepita alimbariki. Mawe Castula aliyavumilia. Zile baraka ndizo zilizomchubua. Karibu na mlango akasimama.

"Mama, haikuwa huruma. Ungekonda mpaka ukapeperuka, nisingetia. Nilitaka unisifu."

Doña Herculana alibaki ameinama, mtandio mkononi.

"Nimekula nguruwe tangu kabla mama yako hajaota meno," alisema polepole. "Unadhani ulimi wangu haukumjua?"

Castula akamtazama.

"Tonge la kwanza tu nilijua. Nikasema, labda ni mimi tu. La pili nikaacha kusema. Unanitazama nini? Mpungate ulikuwa mtamu." Akachungulia ndani, ambako Mtakatifu alikuwa akiwangoja na uso wake wa mbao. "Sogea."

Akamshika mkwewe bega, akashuka goti moja, akaguna, akashuka la pili. Mtandio aliutandika chini ya magoti yake mwenyewe. Mawe akamwachia Castula. Wakaingia hivyo, bega kwa bega, polepole sana, na foleni ya waumini ikajipanga nyuma yao ikiuliza mbele kumetokea nini.