Swali la Tisa, Baada ya Chakula

Mtafsiri ninayekaa naye ofisi moja hufuta zaidi kuliko anavyoandika. Meza yake imejaa vumbi la raba, na hulipulizia upande wangu bila hata kuomba radhi. Huu ni mwezi wa tatu anatafsiri dodoso la kupima watu waliokosana na chakula, wanaojinyima au wanaokula kupita kiasi. Kila swali hulisoma kwa sauti, amefumba macho kama anayeonja mchuzi, kisha hulijaribu kwa yeyote anayepita mlangoni. Swali la tisa lilimtoa jasho: "Je, mawazo ya chakula hukusumbua?" Wote walijibu: "Kila wakati."

"Kaka, saa saba kasorobo unaniuliza habari za chakula?" mama wa usafi alimwambia. "Lete chakula, maswali baadaye."

Alicheka mpaka penseli ikamdondoka sikioni, akahamishia usaili wote baada ya mlo wa mchana. Majibu yakageuka, aliyeshiba hana habari na sahani. Jana ikafika zamu ya binti wa mapokezi, ambaye tulikuwa naye mezani mchana huo, akituchekesha sote. Kwenye swali la tisa akajaza: kila wakati. Nikasubiri kusikia raba. Mtafsiri aliitia mfukoni, akafunika dodoso, akasogeza kiti chake karibu.

"Hebu niambie, mwanangu," alisema taratibu, "leo mchana umekula nini?"

Binti aliitazama mikono yake.

"Nilikuwa nawapakulia nyinyi," alisema.