Fundi Kunegunda na Injini za Boti

Injini za boti hupandishwa milima kutoka Ziwa Nyasa hadi Majengo, Songea, kwa sababu fundi Kunegunda yuko hapa. Juzi Muhsini, mwenye boti, alileta injini yake iliyokuwa ikichemka kupita kiasi. Kulanti ya kijani, yaani maji ya kupoozea injini, ilipopungua aliongezea nyekundu, eti nyekundu ni kali zaidi. Ikaganda kama uji. Mimi ningemfukuza! Kunegunda alimwaga yote, akasuuza mpaka maji yakatoka meupe, akafungua kitabu cha injini ile, ndipo akajaza aina moja iliyoandikwa humo.

"Fundi, mbona unajisumbua hivyo?" Muhsini aliuliza.

"Sijui kuogelea," Kunegunda alijibu. "Kila injini naitengeneza kama vile abiria ni mimi."