Basi la Haraka na Wanafunzi Wenye Usingizi

Dereva mmoja, aliyebandikwa jina la Kinyonga kwa mwendo wake wa taratibu, alikabidhiwa basi jipya la moja kwa moja hadi chuoni. Safari iliyokuwa ikila saa nzima sasa ilichukua nusu saa, maana basi halikusimama vituo vya katikati. Kinyonga alivimba kichwa. Wiki moja baadaye viti vyake vilikuwa vitupu, na wanafunzi walibanana kwenye basi la zamani.

"Ongeza mwendo!" meneja wa kampuni ya mabasi alifoka. "Vijana wanapenda kasi."

Kinyonga akaongeza mpaka miwani ikamdondoka, lakini wapi! Jioni akambana binti yake, mwanafunzi wa mwaka wa pili.

"Mwanangu, basi langu lina ubaya gani?"

"Halina ubaya, baba. Ila linaondoka saa kumi na mbili na nusu, sawa na lile jingine. Tukipanda lako tunafika madarasa bado yamefungwa, tunapigwa na baridi. Kwenye lile tunalala njiani."

Kinyonga alimsihi meneja, na basi likasogezwa hadi saa moja kamili. Jumatatu lilijaa pomoni. Mmoja alipanda na mswaki mdomoni, mwingine na viatu mkononi.

Walipokwisha kuondoka, Kinyonga alimwona kwenye kioo binti yake akilikimbiza basi, shati kalivaa nje ndani.

"Baba! Simama, baba!"

Abiria wote wakamkodolea macho dereva. "Basi la moja kwa moja halisimami njiani," Kinyonga akasema, akakanyaga mafuta. Siku mbili nzima binti hakumsalimia.