Pipa la Achari la Timbwani

Siku hizi watu hunisifu: mzee huyu hatupi mbao, kila kikuukuu kwake kinapata kazi. Huwa nainama tu. Sifa hizo zina mtu niliyemwangusha.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi wa mapipa Likoni. Shule niliiacha darasa la nne. Mikono ndiyo iliyonilisha. Mapipa ya mvinyo tuliyatoa kwenye mahoteli ya pwani ya kusini, yamekauka, mengine yamepasuka. Tuliyafungua ubao kwa ubao, tukakwangua ule wekundu wa ndani, tukayavika tena pete zake za chuma, kisha tukayajaza maji siku tatu mbao zivimbe zishikane. Lililoshindikana tuliligeuza vigoda.

Mwenye karakana amekufa, Mungu amrehemu, lakini lake nitalisema. Alituambia, "Mteja akiuliza, jibuni siki. Siki haina neno."

Akaja mjane mmoja wa Timbwani, muuza achari ya embe, kutaka pipa. Akainama, akanusa.

"Hili lilikuwa na nini, mwanangu?"

"Siki, mama."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Kiapo hicho bosi hakuniamuru. Ni changu.

Kitako cha pipa kilikuwa na chapa ya moto: kichala cha zabibu na bilauri ya ulevi. Ningeipiga randa, ubao ungekuwa mwembamba uvuje. Kabla hajaja kulichukua, nikakigeuza chapa itazame ndani, kwenye giza la chini, achari iifunike. Akili yangu haikufika kwamba achari huisha.

Ikaisha. Akaja na pipa juu ya mkokoteni, karakana imejaa wateja. Alinionyesha chapa kwa sauti ya chini, kunisitiri. Mimi, kwa kuwaogopa wale wateja, nikapaza yangu:

"Mama, hili silo nililokuuzia. Umelibadilisha mwenyewe!"

"Ala!" akadakia mteja mmoja. "Kumbe ndiyo maana achari ya bibi huyu haimtoshi mtu. Inalewesha!"

Wakacheka. Yeye akanitazama mimi tu.

"Ungaliniambia, mwanangu, ningalilitahirisha. Chombo huoshwa."

Haikufika Ijumaa, Timbwani nzima ikawa inamwita Bi Mvinyo. Majirani walioramba vidole kwa achari yake wakawa wanatema mate akipita, na wamo humo waliokuwa wakinywa bia kwa kujificha. Nawajua na wao wanajijua. Bosi alijua ukweli, akanyamaza. Mimi niliujua zaidi. Neno langu moja tu mbele ya watu, baada ya swala, lingemtoa mwanamke yule aibuni. Sikulisema. Biashara yake ikafa.

Miaka kadhaa baadaye nilimkuta akingoja feri, kikapu kizito mkononi. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba kwa ukamilifu, akaniulizia wanangu mmoja mmoja. Nikajitia kuuliza kama bado anatengeneza achari.

"Nimeacha, baba. Mikono imechoka."

Mwanamke aliyekuwa nyuma yetu akasikia neno achari, akamwinamia mwenziwe. "Huyu si yule Bi Mvinyo?"

Alisema kwa sauti ya kusikika. Mama yule akatazama mbele, kama hakusikia. Watu walitujaa pande zote, na kinywa changu kilikuwa kizima.

"Haya mama," nikasema, "feri hiyo imefika." Nikampokea kikapu.