Mchwa Hawakula Karatasi za Profesa

Kosa ni langu, wala sina shetani wa kumsingizia. Nisikilizeni tu.

Mjomba wangu alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufundisha elimu ya misitu huku kwetu. Mji mzima wa Kasongo ulimwita Profesa. Alipofariki na matanga kwisha, ukoo ukakaa kugawa vitu vyake. Huyu akapata baiskeli, yule redio. Mimi nikapewa sanduku la bati limejaa karatasi. Karatasi! Nililia kwa hasira.

Mimi ni muuza karanga sokoni. Basi kila asubuhi nilichota karatasi chache, nikazikunja, nikafungia karanga. Mwandiko wa mjomba ukazunguka soko zima, watu wanakula, wanatupa. Sikuona haya hata kidogo.

Siku moja akaja mzee mmoja kutoka Wamaza, miguu vumbi tupu.

"Mama, wananiambia weye ndiye iko na karatasi za Profesa. Alizunguka pori letu pamoja na wazee, akachora mipaka kwa karatasi. Baba yangu alitia kidole pale. Sasa kuko watu wanataka kukata miti, wanasema pori haina mwenyewe. Baba yangu alizikwa mule, mama."

Karatasi za mjomba zilikuwa mbele yangu, juu ya meza! Nikazifunika kwa kitenge.

"Pole, muzee. Muchwa walikula yote."

Yeye ndiye akanipa pole! Akachukua fimbo yake, akaondoka.

Nyumba yangu iko nyuma ya soko. Nikakimbia, nikapindua sanduku. Chini kabisa ramani ilikuwepo, nzima, na alama za vidole vya wino zimepangwa pembeni. Jamani! Lakini ningemwambia nini, nami nilishasema mchwa? Niliogopa kuitwa mwongo sokoni. Nikasema nitampelekea kesho. Kesho ikazaa kesho, mvua zikanyesha, zikakatika.

Vile vidole vikaanza kunifuata. Mteja akishika karatasi kwa mkono wenye mafuta, naona alama ya kidole. Nikibonyeza bugali, nakiona palepale kwenye tonge. Chakula kikanishinda.

Mwishowe nikapanda pikipiki hadi Wamaza. Nilichelewa! Palipokuwa pori palibaki visiki. Mzee alikuwa amekaa juu ya kimoja. Nikapiga magoti, nikampa ramani.

Aliitandaza mapajani, akatafuta kidole cha baba yake, akaweka chake juu yake. Kaburi, alisema, wameburuta magogo juu yake mpaka hajui tena lilipo. Alikuwa anakaa pale akikisia.

Hakunitukana. Laiti angenitukana! Aliuliza tu, kwa upole:

"Binti yangu, muchwa walitapika lini?"

Siku hizi nafungia karanga kwa majani ya mgomba, na vidole bado naviona.

Ndugu zangu, karatasi ya marehemu isome kabla hujaikunja. Na ukidanganya mtu, mkimbilie siku ileile, aibu ikuue ukiwa njiani. Yule mzee alikuwa anatembea polepole, kwa fimbo. Ningemfikia.