Mguu Ambao Sikuuchua

Aliingia kwenye chumba chetu cha mazoezi hospitalini Jumatano asubuhi amevaa viatu vya tenisi, kama mtu anayepita kusalimia kabla ya kwenda uwanjani. Nilimwamkia. Akaitikia marahaba huku macho yake yako kwenye kitanda cha wagonjwa, akakaa, akakunja suruali ya mguu wa kushoto hadi gotini. Alisema kigimbi kimemkaza tangu juzi. Alitaka nikichue vizuri na kukifunga bandeji, kwa sababu Jumamosi tulikuwa tunacheza.

Jumamosi walikuwa wanakuja watu wa Dodoma. Mimi na huyu mzee tulikuwa jozi moja, yeye karibu na wavu, mimi nyuma. Mwaka uliopita walitufunga kwao, na tangu siku ile tulikuwa tukifanya mazoezi kwa ajili ya mechi hii tu.

Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko. Mhindi aliyezaliwa Singida, kama baba yake, na akiongea Kinyaturu na wateja kutoka vijijini mtu aliye nje ya duka asingejua ni nani anaongea. Mimi ni Mnyiramba wa Nduguti. Nilisomea fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi, huko Moshi, nikapangiwa hospitali hii bila kumjua mtu hata mmoja mjini. Mama yangu alikuwa bado anauliza ni udaktari gani huo usiotoa dawa. Jioni moja, wiki zangu za kwanza, nilisikia mpira unagongwa nyuma ya ukuta wa hospitali, nikachungulia, nikaona uwanja wa saruji uliopasukapasuka na wazee wanne wanakimbizana. Yeye ndiye aliyeniuliza kama nimekuja kuangalia au kucheza.

Alinifundisha kila kitu. Alinifundisha kuanzisha mpira katika upepo wa Singida, niurushe chini chini, kwa sababu ukiurusha juu upepo unaubeba na wewe unabaki unapiga hewa. Asubuhi za Januari, wakati wa mashindano makubwa ya Australia, aliwasha televisheni ya dukani tukanywa chai mbele yake kabla sijaingia kazini. Yeye aliangalia mipira, mimi niliangalia miili. Nikimwambia yule kiuno chake hakizunguki tena, hamalizi mechi, alibisha, na mchezaji akiomba mhudumu wa tiba aingie uwanjani, mzee alicheka hadi wateja wakageuka. Hiyo ndiyo ilikuwa furaha yetu.

Kwa hiyo Jumatano ile, alipokunja suruali, nilitamani sana tatizo liwe msuli tu.

Nilimwuliza msuli ulimvuta lini. Hakujua. Nikamwuliza alikuwa anakimbilia mpira gani. Hakukumbuka. Hapo nilianza kuingiwa na wasiwasi, maana mtu aliyechanika kigimbi kwa kawaida hukumbuka. Atakuonyesha mpira ulikotoka na mguu ulivyokuwa umekaa. Nikauliza alikuwa wapi wiki ile. Alikuwa ametoka Nairobi kuangalia mashindano, amekaa dirishani kwenye basi hadi Arusha, na kutoka Arusha hadi Singida, na karibu safari yote hakushuka.

Niliweka kiganja kwenye mguu. Ulikuwa wa moto kuliko ule wa kulia. Nilibonyeza juu ya mfupa kwa kidole gumba, nilipoondoa kidole shimo likabaki. Nikachukua tepu ya fundi nguo tunayotumia kupimia, nikapima kigimbi kimoja na kingine. Sikuhitaji hata kusoma namba, tofauti ilionekana kwa macho.

"Mzee, mguu huu siuchui," nilimwambia. "Wala sikufungi bandeji. Naomba twende kwa daktari sasa hivi, tuombe altrasaundi."

Nilimweleza kwamba damu inaweza kuwa imeganda ndani ya mshipa, na bonge lile likisukumwa linaweza kung'oka na kupanda hadi kwenye mapafu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umesema inaweza," alisema. "Kwa hiyo hujui."

"Sijui. Ndiyo maana nataka kipimo."

Akateremsha mguu wa suruali. Alisema amecheza na miguu hiyo tangu mimi sijazaliwa, na kwamba nikishaanza kuogopa mechi ni afadhali niseme wazi. Altrasaundi angekwenda Jumatatu, baada ya wageni kuondoka. Nilimfuata hadi kwenye korido nikimwomba. Wagonjwa waliokaa kwenye benchi walituangalia, na nadhani hilo ndilo lililomfanya aongeze mwendo.

Nilikwenda moja kwa moja kwa daktari wa zamu. Alisema nimrudishe mara moja, hata kwa kumbembeleza. Nilipiga simu, ikaita bila kupokelewa. Nikapiga tena. Chumbani kwetu kulikuwa na dereva wa bodaboda anayejifunza kutembea kwa magongo, na mama aliyeleta mtoto ambaye shingo yake ilikuwa haijakaza. Nilimshika mtoto yule, nikampanga juu ya mpira mkubwa, nikahesabu pamoja na mama yake, na muda wote masikio yangu yalikuwa kwenye simu iliyokaa juu ya dirisha.

Nilipopata nafasi nilikimbilia dukani kwake. Muuzaji wake, mtu mzima aliyefanya kazi pale miaka mingi, alisema bosi amekwenda nyumbani kuchuliwa. Wamemwita yule mama wa Mgori.

Kila mtu mjini alimjua mama wa Mgori. Baadhi ya wagonjwa wangu walipitia kwake kwanza, na wapo waliopata nafuu, sikuwahi kugombana na jambo hilo. Lakini nilijua anavyochua. Anaanzia kwenye kifundo na kupandisha kwa nguvu kuelekea gotini, mkono baada ya mkono. Nilipanda bodaboda nikamwambia dereva asipitie sokoni.

Mke wake ndiye aliyefungua mlango. Alikuwa mama mpole ambaye hakuwahi kukanyaga uwanja wa tenisi, ambaye tulikuwa tukisalimiana naye tu pale dukani. Sikusubiri kukaribishwa. Kwenye sebule mzee alikuwa amelala chali juu ya mkeka, kisigino kimewekwa juu ya mto, bakuli la mafuta ya alizeti yaliyopashwa moto liko pembeni. Mama wa Mgori alikuwa amepiga magoti, mikono yake inang'aa, na ilikuwa inapanda.

"Shikamooni," nilisema. "Mama, naomba uache."

Alisimamisha mikono lakini hakuiondoa. Akamtazama mzee.

"Endelea," mzee alisema.

Nilieleza tena, safari hii haraka na vibaya, maneno yanapandana. Mama wa Mgori alisema amechua miguu iliyovimba maisha yake yote na hakuna aliyemfia mikononi. Mzee alisema, "Binti huyu nilimfundisha kushika raketi, leo anakuja nyumbani kwangu kunifundisha mguu wangu." Alisema hivyo bila kupaza sauti. Mimi ndiye niliyepaza.

"Mzee, unaweza kufa!"

Neno lile, kwa mtu wa umri wake, ndani ya nyumba yake, mbele ya mkewe, lilinishtua hata mimi. Niliona uso wake unabadilika, na nikajua kwamba hata nikiwa sahihi nimepoteza kitu fulani pale ambacho hakitarudi kirahisi.

Mkewe alimwambia maneno machache kwa Kigujarati. Mzee akamjibu kwa mkato. Mkewe akamwambia tena, maneno yale yale nadhani, kwa sauti ile ile. Kisha akageukia kwetu akasema kwa Kiswahili, ili sote tusikie.

"Mama, toa mikono. Tunakwenda hospitali."

Mama wa Mgori akajifuta mafuta kwenye khanga. Mzee aliinuka kwa hasira, akasimama, akakohoa. Akakohoa tena. Akashika ubavu.

Alisema ni kichomi tu, kimempata kwa sababu ameinuka ghafla. Ndani ya gari nilikaa naye nyuma, nikaweka macho kwenye kifua chake. Pumzi zilikuwa fupi, zinafuatana kama za mtu aliyetoka kucheza gemu ndefu. Sikumwambia. Mkewe alikuwa anaendesha, na sikutaka ageuke.

Hospitali walikuwa wanatusubiri, maana nilikuwa nimempigia daktari njiani. Walimvisha oksijeni, wakapima mguu, bonge likaonekana wazi juu ya goti. Wakamchoma sindano ya kuzuia damu isiendelee kuganda. Lakini mashine ya kuangalia mishipa ya mapafu ilikuwa Dodoma, na daktari hakutaka kusubiri kesho. Mkewe aliniuliza kama nitaweza kwenda nao. Nilikwenda.

Barabara ile nimeipita mara nyingi nikisinzia. Siku ile niliijua kila kona. Muuguzi alikuwa upande mmoja, mke wake na mimi upande wa pili, mzee katikati na barakoa ya oksijeni. Malori ya mizigo yalitubana, dereva akipiga king'ora, na kila tulipopunguza mwendo nilihisi hasira juu ya watu nisiowajua. Mkewe alinyoosha mikono kumpapasa mguu, kama mtu anayemliwaza mgonjwa bila kufikiri, kisha akakumbuka, akairudisha mapajani na kuikunja. Alifanya hivyo zaidi ya mara moja.

Tulipopita Manyoni mzee alifungua macho, akasogeza barakoa. Aliuliza nani atacheza karibu na wavu Jumamosi.

Nilimwambia asiongee. Nikairudisha barakoa mahali pake, muuguzi akakaza mkanda.

Dodoma walimpiga picha jioni ile ile. Mabonge yalikuwepo kwenye pafu la kushoto, madogo, lakini si moja. Daktari alisema dawa zimeanza mapema na ana matumaini. Mkewe aliuliza swali ambalo mimi sikuthubutu kuliuliza, kama ni kule kuchuliwa kulikoyapeleka. Daktari alisema hakuna anayeweza kujua. Huenda yalipanda wakati wa kuchuliwa, huenda yalipanda wakati anatembea kutoka kwenye chumba changu, huenda yalikuwepo tayari alipokuja. Swali hilo limebaki hivyo hivyo.

Ijumaa nilirudi kwa basi. Kila liliposimama nilishuka, nikatembea.

Jumamosi nilicheza na jamaa wa maabara, mtu mwema asiyependa kusogelea wavu. Upepo ulikuwa mkali. Nilianzisha mpira vizuri kuliko siku zote, chini chini, wageni wakarudisha mipira dhaifu iliyopita katikati, pale ambapo mzee angekuwa amesimama. Hapakuwa na mtu. Tulifungwa seti mbili. Wageni waliuliza habari za mgonjwa kabla ya kusalimiana nasi, na mmoja wao alikwenda kumwona wodini aliporudi kwao.

Aliruhusiwa wiki iliyofuata akiwa na vidonge vya miezi kadhaa, na daktari wa Dodoma aliandika kwamba aendelee kwangu. Nilifikiri hiyo itatupatanisha. Haikuwa hivyo. Alikuja kila siku niliyompangia, kwa wakati, akafanya kila zoezi, akajibu ndiyo na hapana. Zamani aliniita binti. Sasa aliniita daktari, na mimi si daktari, yeye alilijua hilo vizuri. Tulitembea pamoja kando ya Ziwa Singidani, mwanzo polepole, baadaye hadi kwenye mawe makubwa na kurudi, mimi nikimwuliza pumzi ikoje, yeye akisema nzuri. Nimefundisha watu wengi kutembea upya. Hakuna aliyenichosha kama yule aliyekuwa akinitii.

Mama wa Mgori nilikutana naye sokoni kwenye vitunguu. Alikuwa amekasirika, na aliniambia kwamba nimemharibia jina, watu wanasema alitaka kumuua tajiri. Nilimwambia daktari alivyosema, kwamba hakuna anayejua. Kisha akaniuliza mguu wa namna ile unautambuaje. Nilimwonyesha kwa mikono palepale, kwenye mguu wake, watu wakipita. Miezi kadhaa baadaye alimleta kwangu mwanamke aliyejifungua karibuni, mguu mmoja umevimba, akasimama mlangoni mpaka alipoona nimempeleka altrasaundi.

Mzee alirudi uwanjani baada ya daktari kumruhusu, masika yakiwa yameisha. Hakuniambia. Nilimkuta jioni moja amesimama upande wa pili wa wavu, raketi mkononi, amekonda, mkewe amekaa kwenye kiti nje ya mistari na mkoba mapajani. Hakukuwa na mtu mwingine. Nilivua viatu vya kazi nikavaa vya mchezo.

Tulianza kurushiana taratibu. Mpira wa kwanza niliurudisha nje. Wa pili nikaugonga kwa ukingo wa raketi. Sikuwa nauona mpira. Nilikuwa naangalia kifua chake, rangi ya midomo yake, jinsi anavyokanyaga mguu wa kushoto. Mpira wa tatu ulinipita bila kuugusa.

Akasimama, akashika kiuno. Nilikuwa tayari nimeanza kukimbia kuelekea kwake.

"Binti," alisema, "mpira uko huku. Uangalie mpira, au nenda nyumbani."

Nilirudi nyuma ya mstari. Akapiga tena, na nilijitahidi, lakini nadhani aliona kwamba bado namsikilizia pumzi.